Folda Ndani ya Folda

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi iliyoonekana ya dakika 10. Ofisi moja ilikuwa imeskani majalada yake ya zamani: kila mwaka na folda yake, kila jalada na folda ndani ya mwaka, na kila ukurasa faili lake. Mkuu wa masjala alitaka jambo moja tu. "Mwanangu, niambie tuna kurasa ngapi, niandike kwenye ripoti." Nikaandika mistari 6 ya Python, nikabonyeza, jibu likaja papo hapo: sifuri.

Sifuri lilikuwa jibu sahihi kwa swali nililouliza. Niliuliza folda kuu ina picha ngapi, nayo haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa na folda za miaka. Nikaongeza kitanzi cha pili kiingie kwenye miaka: sifuri tena, maana picha zilikuwa ngazi moja chini zaidi. Nikaongeza cha tatu. Namba ikaja, ila majalada manene yalikuwa yamegawanywa tena kwa sehemu, na kurasa za humo zikaachwa zote. Hapo nikaandika programu inayojiita yenyewe kila inapokutana na folda, nikaiacha ikihesabu, nikaenda kula. Niliporudi nilikuta namba kubwa kiasi kwamba hata mkuu wa masjala, ambaye hakuwa na sababu ya kunishuku, aliguna. Siku mbili baadaye nilijua kuwa ilikuwa mara 41 ya hesabu niliyoitaka. Si 40 wala 50. Nitairudia hiyo 41.

Kupitia folda zilizo ndani ya folda ni miongoni mwa mambo ya mwanzo anayoyahitaji kila mwandishi wa programu, na kila lugha ya programu ina amri zake za kuifanya kazi hiyo. Lugha nyingi zina amri tatu au nne, kwa sababu zile za kwanza zilikuja kujutiwa. Ukizilinganisha amri hizo utaona kwamba zote zinajua kutembea. Ndani ya folda kuna folda, ingia, toka, endelea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiandika kwa jioni moja. Zinapotofautiana ni kwenye yale yanayoamuliwa kwa niaba yako, kimya kimya, kabla hujauliza.

Tuanze na folda yenyewe, ambayo vitabu vya kompyuta vya Kiswahili huiita saraka. Mwaka 1965 R. C. Daley na P. G. Neumann, katika andiko lao kuhusu mfumo wa Multics, walieleza mpangilio wa mafaili ulio kama mti, ambamo saraka nayo ni faili, na ndani yake mnaweza kuwa na saraka nyingine. Unix, iliyoanzishwa Bell Labs mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie, ililichukua wazo hilo ikabakiza mifupa. Katika Unix ya mwishoni mwa miaka ya 1970 saraka ilikuwa faili lenye vipande vya baiti 16 kila kimoja: baiti 2 za namba, baiti 14 za jina. Hakuna kingine.

Aliyewahi kukaa masjala atalielewa hili haraka. Daftari la masjala lina jina la jalada na namba yake. Halikuambii kama jalada ni nene au jembamba, lilifunguliwa lini mara ya mwisho, au kama ni jalada kweli na si kabati zima lenye majalada mengine. Ukitaka kujua hayo, inuka uende rafuni. Ile namba ya baiti 2, ambayo wana Unix huiita inodi, ndiyo inayokuelekeza rafu. Na habari kwamba kitu fulani ni folda au ni faili la kawaida ilikuwa imeandikwa huko rafuni. Kwenye daftari haikuwepo. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyofuata ilizaliwa hapo.

Enzi hizo hakukuwa na kiolesura cha kusomea saraka, yaani amri rasmi za kuiomba yaliyomo. Kulikuwa na mazoea. Programu iliifungua saraka kwa amri ileile ya kufungulia barua, ikakata baiti 16, ikakata nyingine 16, hadi mwisho. Mazoea hayo yalikatika mwaka 1983, toleo la BSD 4.2 lilipoleta majina ya hadi baiti 255. Vipande havikuwa na urefu mmoja tena, na aliyeendelea kukata 16 angekata majina katikati. Ndipo zikaja opendir, readdir na closedir: fungua, nipe kinachofuata, funga. Mwaka 1988 zikaingizwa katika viwango vya POSIX, na hadi leo, chini ya karibu kila lugha inayotumika kwenye Linux au kwenye Mac, ndizo zinazoitwa. Toleo lilelile la 1983 ndilo lililoleta pia viungo, yaani mafaili madogo yasiyobeba chochote ila anwani ya mahali pengine. Mlango wa kuingilia sarakani ulipopata kitasa, na kona za kumpotezea mtu njia zikajengwa.

Upande wa pili, MS-DOS ya kwanza ya 1981 haikuwa na folda ndogo kabisa. Zilikuja na toleo la 2.0, Machi 1983, na njia yake ya kuzipitia ilikuwa tofauti: tafuta cha kwanza kinachofanana na hiki, halafu tafuta kinachofuata. Windows ilizirithi kwa majina ya FindFirstFile na FindNextFile. Tofauti inayotuhusu ni kwamba katika mpangilio wa FAT uliotumiwa na MS-DOS, kila kipande cha saraka kilikuwa cha baiti 32, na humo mlikuwa na jina, ukubwa, tarehe, na alama ya kuonyesha kama ni folda. Daftari lilisema kila kitu. Hukuhitaji kwenda rafuni.

Sasa mtazame mtu anayeandika lugha moja ya programu itakayotumika pande zote mbili. Anatoa amri moja inayorudisha majina peke yake, kwa kuwa majina ndiyo kitu ambacho kila mfumo unacho. Python ilifanya hivyo: os.listdir inakupa orodha ya majina tu. Ukitaka kujua lipi ni folda, unaliuliza kila jina kwa os.path.isdir, na kila swali ni safari ya kwenda kwenye mfumo endeshi na kurudi. Amri ya os.walk, iliyoingia mwaka 2003 na toleo la 2.3, ilikufanyia kazi hiyo ya kuuliza, ila maswali yalibaki yaleyale. Folda yenye mafaili 10,000 ilizaa maswali 10,000. Kwenye diski ya mezani huenda usione kitu. Kwenye folda iliyo kwenye seva ya jengo la pili, kila swali linasafiri kwa waya, na hapo ndipo watu huanza kusema mtandao ni mbovu.

Kilichokuwa kinauma zaidi kilikuwa Windows. Mfumo uliitoa habari ya folda au faili pamoja na jina, kwa mkono mmoja. Python ikalichukua jina, ikaitupa ile habari, kisha ikarudi kuuliza upya, jina kwa jina. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akaulize bei ya sukari, akatajiwa na bei ya chumvi papo hapo, akarudi na bei ya sukari, ukamtuma tena akaulize ya chumvi. Ben Hoyt ndiye aliyeandika pendekezo namba 471 la kurekebisha jambo hilo, na mwaka 2015 Python 3.5 ikatoka na os.scandir, inayorudisha jina pamoja na kila ambacho mfumo umeshakisema. Vipimo vilivyomo kwenye pendekezo hilo vinaonyesha os.walk ikiongeza kasi mara 8 hadi 9 kwenye Windows, na mara 2 hadi 3 kwenye mifumo ya jamii ya Unix. Hakuna aliyenunua diski mpya.

Ungedhani somo hilo lingesambaa siku ileile. Lugha ya Go ilikuwa na filepath.Walk, nayo iliuliza habari kamili za kila faili hata ungekuwa unataka majina tu. WalkDir, inayoacha maswali yasiyohitajika, ilikuja Februari 2021 na toleo la 1.16. Kidonda kilekile, dawa ileile, miaka zaidi ya mitano baadaye.

Kwa upande wa Linux, daftari nalo limeongezewa safu: readdir siku hizi huja na alama ya aina ya kitu. Lakini alama hiyo ni hisani, haijaahidiwa. Kuna mipangilio ya diski inayojibu "sijui", kwa mfano diski za XFS zilizoundwa bila kuwashwa kipengele cha kuhifadhi aina hiyo, na programu iliyoandikwa vizuri hulipokea jibu la "sijui" kisha ikaenda rafuni kama zamani. Iliyoandikwa kwa haraka huchukulia kuwa kisichotajwa kuwa folda si folda. Inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi, inafika kwa mteja, inasema hakuna folda ndogo hata moja, na mteja anaziona kwa macho yake.

Kulikuwa na ujanja wa kale ambao bado naupenda, ingawa sasa ni wa kuangaliwa kwa tahadhari. Katika Unix kila folda ndogo ina jina la nukta mbili linaloelekeza kwa folda mama. Kila folda mama, kwa hiyo, huhesabu viungo vinavyoielekea, si yale mafaili madogo ya anwani bali majina tu: kimoja cha jina lake, kimoja cha jina la nukta moja linaloielekea yenyewe, na kimoja kutoka kwa kila folda ndogo. Toa 2, unapata idadi ya folda ndogo bila kufungua chochote. Programu ya find iliitumia hesabu hiyo: ikishaona folda ndogo zote zimepatikana, iliacha kuuliza kuhusu majina yaliyobaki, ikijua ni mafaili. Werevu mtupu. Lakini ilikuwa desturi ya nyumba fulani, na si kila nyumba inaifuata. Kwenye mpangilio wa diski wa Btrfs kila folda husema ina kiungo 1, na find ya GNU ina chaguo la -noleaf la kuuzima ujanja huo. Hesabu hiyohiyo iliwahi kuwaumbua watu kwa njia nyingine: mpangilio wa ext3 uliruhusu viungo 32,000 kwa folda, kwa hiyo folda moja haikuweza kuzaa zaidi ya folda ndogo 31,998. Waliompa kila mteja folda yake waliugundua ukomo huo siku biashara ilipochangamka.

Baada ya suala la kinachokuja pamoja na jina, la pili ni nani anayeshika safari. Njia kongwe ni kuletewa orodha nzima: nipe folda zote, nitajua la kufanya. Ni rahisi kuielewa, na kwa folda ndogo chache haina neno. Kwa mti wenye mamilioni ya matawi unakaa ukisubiri orodha ijae ndipo uone jina la kwanza, na kumbukumbu ya kompyuta inajaa nayo. Microsoft ilikuwa na GetDirectories ya namna hiyo kwenye .NET, kisha mwaka 2010 ikaongeza EnumerateDirectories inayotoa jina moja moja.

Njia nyingine ni kumpa karani maelekezo akaenda yeye: ukikuta faili fanya hiki, ukikuta folda fanya kile. Ndivyo ilivyokuwa ftw ya Unix System V, na ndivyo Java ilivyofanya mwaka 2011 katika toleo la 7 kwa walkFileTree. Karani wa Java anakudai majibu ya hali nne: kabla ya kuingia folda, ukikuta faili, kitu kikishindikana kufunguka, na baada ya kutoka folda. Watu wengi wanaichukia kwa urefu wake. Mimi naiona kuwa ndiyo ya kiungwana zaidi katika zote, kwa sababu ya ile hali ya tatu, na nitaeleza mwishoni kwa nini.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyoshinda, ni kukabidhiwa kitu kinachotoa hatua moja kila unapokiomba. Python hukiita jenereta, na kwa bahati njema hii hainywi dizeli. Wewe unabaki na kitanzi chako, unasimama unapotaka, na huhitaji kusubiri mti wote. os.walk inakupa kila folda pamoja na orodha ya folda zake ndogo na ya mafaili yake, na ina mlango wa siri ambao wengi wanaupita bila kuuona:

for njia, folda, mafaili in os.walk(chanzo):
    folda[:] = [f for f in folda if f != ".git"]

Mstari wa pili unaipunguza ile orodha ya folda, na os.walk inaiheshimu: haiingii kamwe kwenye kilichoondolewa. Ndivyo unavyoepuka kuzama kwenye folda yenye maelfu ya vitu usivyovihitaji. Tazama zile alama za mabano na nukta mbili baada ya neno folda. Ukizisahau, ukaandika folda = tu, umetengeneza orodha mpya ya kwako na kuiacha ile ya os.walk ilivyo. Programu haitalalamika. Itaingia kila mahali kama kawaida, na wewe utaapa kwamba umeizuia. Na ukiiagiza ianze chini kwenda juu, kama mtu anayetaka kufuta folda baada ya kumaliza vilivyomo, kupunguza orodha hakusaidii hata ukiandika sawasawa, kwani folda ndogo zilishapitiwa kabla hujaonyeshwa orodha. Kiolesura kinachobeba maana kubwa kiasi hicho kwenye alama tatu za kuandika kina deni kwa wasomaji wake, hata kama nyaraka zake zimeeleza.

Sasa ile 41. Programu yangu iliuliza os.path.isdir, na amri hiyo ikikutana na kiungo haikuambii "hiki ni kiungo". Inakifuata, inatazama kinakoelekea, inakujibu kuhusu huko. Mtu mmoja ofisini, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameweka ndani ya folda ya 2009 kiungo alichokiita "zote", kinachorudi kwenye folda kuu, ili asihangaike kupanda juu kila mara. Programu ikahesabu, ikafika 2009, ikaona "zote", ikaambiwa ni folda, ikaingia, ikajikuta mwanzo. Ikahesabu yote upya, ikafika 2009 ndani ya zote, ikaona "zote" nyingine. Kwa akili ya kawaida hiyo ni safari isiyo na mwisho. Lakini Linux haikubali kufuata viungo zaidi ya 40 katika njia moja. Kwenye cha 41 inakataa, na isdir inajibu kuwa hiyo si folda. Kwa hiyo hesabu moja ya halali, na 40 za kupitia kiungo. Mfumo ndio ulioniokoa, akili yangu haikuhusika.

Windows ina visa vyake. Tangu Vista, ndani ya folda ya mtumiaji, kwenye AppData\Local, kuna jina la zamani, Application Data, linaloelekeza kwenye folda ileile iliyolibeba, na limewekewa kizuizi makusudi ili watembeaji wasizunguke humo milele. Anayepitia diski nzima hukutana na "huna ruhusa" hapo, akadhani kompyuta yake ina kasoro.

Kinga ziko mbili. Ya kwanza ni kutofuata viungo, na hilo ndilo chaguo la kawaida la os.walk na la Go. Ya pili, kwa mwenye haja ya kuvifuata, ni kukumbuka namba ya diski na inodi ya kila folda uliyoingia, na kugeuka ukiiona mara ya pili. Laiti ningetumia os.walk tangu mwanzo badala ya kujiandikia, nisingekuwa na hadithi hii.

Kuna jambo gumu zaidi ya viungo, nalo ni kwamba mti unatikisika ukiwa umeupanda. Mtu anaongeza folda wakati unahesabu, mwingine anahamisha. POSIX inasema wazi kwamba faili likiongezwa au kuondolewa baada ya kuifungua saraka, haijulikani kama readdir itakuonyesha au la, na kiolesura cha juu yake hakiwezi kuahidi zaidi ya hapo. Waendesha sensa walilijua tatizo hili zamani. Katika Sensa ya Tanzania ya 2022 swali halikuwa unakaa wapi sasa. Lilikuwa nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Karani angeweza kupita siku kadhaa baadaye, watu wakiwa wamesafiri, na hesabu bado ikawa ya usiku mmoja. Mafaili ya kawaida hayana usiku wa namna hiyo. Mifumo kama ZFS na Btrfs inaweza kukutengenezea, kwa kuchukua picha ya mti ulivyo dakika ile, ukatembea ndani ya picha huku wenye mti wakiendelea na shughuli zao. Kwa kazi za kunakili data muhimu, sioni kwa nini mtu mwenye uwezo huo ahesabu au anakili mti unaotikisika.

Kutikisika huko si usumbufu tu, kunaweza kuwa tundu la mwizi. Januari 2022 wasimamizi wa lugha ya Rust walitoa toleo la 1.58.1 kwa ajili ya kasoro iliyoandikishwa kwa namba CVE-2022-21658. Amri ya remove_dir_all, inayofuta folda na vyote vilivyomo, ilitazama kwanza kama kitu ni folda halisi au kiungo. Folda halisi, haya, ingia ufute. Kati ya kutazama na kuingia kulikuwa na upenyo mdogo sana wa wakati, na mtu mwenye nia mbaya aliweza kuiondoa folda na kuweka kiungo kinachoelekea kwingine. Programu yenye mamlaka makubwa ingeingia kwa mkono wake yenyewe na kufuta vya watu. Amri iliandikwa na watu makini, katika lugha inayojisifia usalama, na bado. Dawa ni kubadili mpangilio wa maswali: fungua kwanza folda kwa amri inayokataa viungo, ishike, halafu kila unachokifanya kifanye kuanzia hapo ulipoishika, bila kulitaja jina upya. POSIX ya 2008 ilitoa amri za kufanyia hivyo, openat na unlinkat na jamaa zake. Jina linaweza kubadilishwa nyuma ya mgongo wako. Mlango uliokwisha kuushika hauwezi.

Kuhusu mpangilio wa majina nitapita haraka. Kwenye NTFS ya Windows folda huja kwa alfabeti, kwenye ext4 huja kwa mpangilio wa ndani ambao kwa jicho la mtu ni kama karata zilizochanganywa. Go huzipanga kabla ya kukupa, wengine hawapangi. Ukitaka mpangilio, panga mwenyewe. Kuhusu majina yenyewe, Linux inaruhusu baiti yoyote isipokuwa mkwaju na sifuri, hivyo jina linaweza kuwa na nafasi, hata na mstari mpya katikati. Anayeziorodhesha folda mstari kwa mstari kisha akaipa programu nyingine ikate kwa mistari anasubiri siku yake. Chaguo la -print0 la find, linalotenganisha majina kwa baiti ya sifuri, lilitumika miaka mingi kabla ya kuingizwa rasmi katika POSIX ya 2024.

Na kuna mahali ambapo swali lenyewe linayeyuka. Amazon S3, katika hifadhi zake za kawaida tangu ilipofunguliwa 2006, haina folda. Kitu kinachoitwa 2009/jalada-12/uk-003.tif ni jina moja refu lenye mikwaju ndani yake, na "folda" unazoziona kwenye skrini zinatungwa papo hapo kwa kuuliza: nipe majina yanayoanza na haya, uyakate kwenye mkwaju unaofuata. Majibu huja kwa mafungu yasiyozidi 1,000. Anayeandika kitanzi cha kuingia folda kwa folda humo analipia maswali mengi bure, ilhali angeomba majina yote yanayoanza na 2009/ bila kukata, akayapokea mfululizo. Kwenye simu mambo yamekwenda upande mwingine: kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, na kwa ukali zaidi Android 11, programu haitembei tena kwenye hifadhi inavyopenda. Mwenye simu anachagua folda, programu inapewa mti huo peke yake, na kila swali linapitia kwa mlinzi. Ni polepole, na waandishi wa programu hulalamika. Mimi, nikikumbuka tochi za bure zilizokuwa zikiomba ruhusa ya kusoma mafaili yote, silalamiki sana.

Nimebakiza makosa. Unafika kwenye folda, mlango umefungwa kwa sababu huna ruhusa. Kiolesura kifanye nini? Java ya zamani, kwa listFiles, inarudisha null, yaani hakuna kitu, na asiyekagua anaanguka mstari unaofuata bila kujua kwa nini. .NET, ukiiagiza ipitie folda zote za ndani, ilikuwa inapiga kelele na kuvunja safari nzima kwa ajili ya folda moja. Baadaye ikaongezewa chaguo la kuzipuuza zisizofunguka. C++ ya 2017 inavunja safari pia, isipokuwa uombe zirukwe. Na os.walk ya Python, usipoiambia kitu, inanyamaza. Inairuka folda, inaendelea, inamaliza vizuri, inakupa jibu.

Kwa anayetafuta faili lililopotea, kunyamaza ni sawa, akiliona, ameliona. Kwa anayehesabu, kunyamaza ni uongo, maana namba pungufu ina sura ileile ya namba kamili. Ndiyo sababu namheshimu yule karani wa Java mwenye maneno mengi: hakuruhusu kuanza safari hujasema utafanya nini mlango ukigoma. Python inao uwezo huohuo, unaitwa onerror, ila inakuachia uukumbuke mwenyewe.

Nilipokwisha kuitupa programu yangu na kutumia os.walk, namba ikawa ya kuaminika na mkuu wa masjala akaipokea. Nilikuwa nimeshaagana naye nilipoikumbuka onerror. Nikarudi, nikaongeza mstari mmoja, nikaiendesha tena. Namba haikubadilika, ila chini yake yalichapishwa majina ya folda tatu ambazo programu haikuingia. Nilimwonyesha. Mbili alizitambua, zilikuwa tupu, za majaribio ya mashine ya kuskani. Ya tatu aliitazama kwa muda.

"Hii ni ya mzee aliyestaafu," alisema. "Yeye ndiye aliyeanza kuskani, kabla hatujawaita nyinyi."

Fundi wa ofisi aliifungua kesho yake asubuhi. Ndani kulikuwa na mwaka 1987 wote, jalada kwa jalada, na majina ya mafaili yameandikwa vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote mle.